Mama wa Miaka 54 Mbele ya Ordinatere



Wengi mlituuliza mwezi huu: lile kundi la wazee wenye madaftari, wanaokaa kwenye baraza la chama kila siku ya posho mchana, ni la nini? Mama mmoja alidhani ni kanisa jipya. Si kanisa. Ni darasa, nalo lilianzia kwa mama mmoja aliyefika kwetu usiku akiwa na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba. Mwenyewe amekubali tueleze habari yake, mradi tusitaje jina lake wala la kampani. Tutamwita Mama Sekretere, kwa kuwa ndivyo kartie nzima inavyomwita tangu sisi tukiwa watoto.

Mama Sekretere ana miaka 54. Alijifunza daktilo akiwa bado msichana, na kwa miaka 27 amepiga mashini katika biro ya kampani moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi. Barua kwa duane, ripoti za madereva, orodha ya malipo kila mwisho wa mwezi: karatasi tatu na karboni mbili katikati, bila kosa, maana ukikosea ulipashwa kuanza upya. Kazi hiyo imelipa minervale ya watoto watano. Watatu wameisha kujitegemea, mmoja yuko UNILU, wa mwisho yuko sekondari, na nyumbani kuna wajukuu wawili anaowalea.

Kisha direktere alibadilika. Huyu mpya alileta ordinatere, na mashini ya kuandika ikawekwa chini ya ngazi pamoja na matairi ya zamani. Kijana mmoja alikuja kumwonyesha Mama kazi kwa nusu siku. Alikuwa na haraka. Alishika suri mwenyewe, akabofya hapa na pale, akasema, "Umeona, Mama? Ni kitu mwepesi," akaenda zake. Mama Sekretere aliitika kwamba ameona. Hakuwa ameona kitu.

Barua alizimudu. Shida ilikuwa orodha ya malipo. Wafanyakazi 38, kila mmoja na mshahara wake, na jumla inayotafutwa na ordinatere yenyewe chini ya karatasi. Mwezi wa kwanza jumla ilitoka ndogo kuliko pesa zilizopashwa kutoka. Mwezi wa pili vilevile. Mama alihesabu usiku kwa kalkilateri ya mtoto wake, akapata jumla iliyo sawa, lakini hakuthubutu kusema kwamba ordinatere inadanganya. Nani angemwamini? Katika mkutano wa mwezi wa tatu, mbele ya madereva aliowajua tangu wakiwa wasaidizi wa dereva, mkubwa mmoja alisema kwamba vichwa vingine vimefika mwisho wa barabara. Kesho yake wakamshauri aandike demisiyo ili atoke kwa heshima.

Ile barua iliyokuwa ndani ya mkoba ilikuwa hiyo demisiyo. Alikuja kutuomba tumsahihishie Kifaransa.

Tulimwambia aketi kwanza, anywe chai. Tukaomba kuona zile orodha, kwa sababu mwalimu hawezi kuona karatasi yenye kosa bila kulitafuta. Tuliangalia muda mrefu. Tarakimu zilikuwa safi, kila moja mahali pake, isipokuwa jambo moja: mishahara mingi ilisimama upande wa kuume wa safu, lakini mingine ilikuwa imebanwa upande wa kushoto. Na yote iliyobanwa kushoto ilikuwa na moja ndani yake. Mia na hamsini, kushoto. Mia mbili na themanini, kuume. Mia tatu na kumi, kushoto.

"Mama, hii moja unaipigaka wapi?"

Alitushangaa. Akaweka kidole juu ya meza kama vile klavye iko mbele yake, akagusa mahali pa herufi "l", ile ya "Lubumbashi" ikiwa ndogo.

Wale ambao hawakupiga mashini ya zamani wataona ni ajabu. Mashini nyingi za zamani hazikuwa na tarakimu moja. Daktilo alifundishwa kuandika "l" ndogo mahali pake, na juu ya karatasi hakuna aliyeona tofauti. Mama Sekretere alifundishwa hivyo na masista, akapigwa rula juu ya vidole mpaka ikakaa mkononi. Miaka 27 aliandika moja kwa herufi, na pesa zililipwa bila neno. Ila ordinatere haisomi kwa macho kama mtu. Ikiona "l50" inasema hili ni neno, si hesabu, nayo inaliacha nje ya jumla, sawa na vile ungeacha jina la mtu nje ya jumla. Inalisogeza kushoto, ndiyo alama yake, lakini haisemi lolote.

Tulicheka, sisi wawili, mpaka wajukuu wakaamka. Kisha Mama akalia. Alisema maneno ambayo tumeyakumbuka: "Basi kichwa yangu haikuzeeka. Ni kidole ndiyo ilibakia kwa masista."

Barua haikusahihishwa.

Tuseme wazi kwa nini habari hii imetushika. Yule kijana aliyemfundisha nusu siku hakuwa mjinga, lakini hajawahi kugusa mashini ya kuandika katika maisha yake, kwa hiyo hangeweza kuwaza kosa kama hilo. Na Mama hangeweza kuwaza kwamba "l" si moja. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ujuzi, na kati yao hapakuwa na dakika kumi za kuongea kwa utulivu. Kwa kukosa dakika hizo, mtu wa miaka 54 alikuwa karibu kutupwa nje, akibakiza miaka 6 kufika pansiyo, maana tangu sheria ya mwaka 2016 umri wa pansiyo ni miaka 60 kwa mwanamume na kwa mwanamke. Miezi ambayo hailipiwi kwenye CNSS haihesabiwi. Nani angempa kazi nyingine? Matangazo ya kazi tunayoyasoma ukutani yanaandika bila haya: umri usizidi miaka 35.

Hapa kwetu Katanga jambo hili linauma zaidi, na mnajua sababu. Mwaka 2003, kwa pesa za Banki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa njia iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa watu wenye miaka 25 ya kazi na zaidi. Wakati huo sisi tulikuwa kwenye shule ya msingi, na tunakumbuka vile neno "dekonti" lilivyokuwa katika kila nyumba. Kampani ile iliwahi kutoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka mmoja, 1986, ikawapa watu wake posho, shule, lopitali. Kisha ikaanguka, na mishahara ikakosekana miezi na miezi. Hatuandiki ili kurudia hesabu ya nani alikosa. Tunakumbusha kitu ambacho wamama wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikiona kwa macho: dekonti ililipa madeni, ikanunua bati, ikaisha. Ni wamama waliobakia wakiuza unga na makala ili bukari ionekane mezani. Mzee aliyejua kuchomelea vyuma, au aliyejua umeme wa nyumba, alipata wateja uani. Mzee aliyejua mashini moja tu, ambayo ilikuwa ndani ya kiwanda kilichofungwa, alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba. Pesa ya kuondoka haijifunzi kazi kwa niaba ya mtu.

Turudi kwa Mama Sekretere. Kesho yake tulienda naye kumwona delege wa sendika, ambaye ni mkwe wa mmoja wetu, na huko tulijifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002, katika kifungu cha 8, inasema kila mwajiri, awe wa serikali au wa binafsi, ana lazima ya kuwapa wafanyakazi wake mafunzo, kuwaongezea ujuzi na kuwazoeza kazi inapobadilika. Haisemi wafanyakazi vijana. Inasema wafanyakazi. Na kwa ajili hiyo kuna INPP, ambayo iliundwa mwaka 1964 na iko hapa Lubumbashi. Mwajiri anapashwa kuilipia mchango unaohesabiwa juu ya mishahara, na mchango huo hautoki mfukoni mwa mfanyakazi. Kwa hiyo mfanyakazi anayeomba mafunzo haombi sadaka.

Mahali pa demisiyo, Mama aliandika barua nyingine. Ilikuwa fupi. Alieleza kosa lilikotokea, akaonyesha orodha tatu zilizosahihishwa zenye jumla iliyo sawa, akaomba mafunzo, akataja kifungu. Aliipiga mwenyewe kwenye ordinatere ya biro, vidole kumi, bila kuangalia klavye. Delege alimwambia abaki na nakala yenye alama ya kupokelewa, nasi tunawaambia ninyi vilevile: barua isiyo na alama ya kupokelewa ni kama haikuandikwa.

Direktere hakumtuma INPP. Tusipambe habari. Alisema hakuna bajeti mwaka huu. Lakini neno demisiyo halikutajwa tena, akapewa miezi mitatu "tuone", na hiyo miezi mitatu ndiyo iliyozaa darasa la siku ya posho.

Mwenzake hakuwa na bahati hiyo. Katika biro hiyohiyo kulikuwa na mama wa miaka 57, mtunza karatasi, ambaye alijua kila dosie iko wapi tangu karne iliyopita. Aliambiwa maneno yaleyale, akasaini jioni ileile kwa hasira na kwa haya. Alipokuja kwetu ilikuwa imekwisha. Ukisaini demisiyo mwenyewe, umeondoka mwenyewe. Preavi ambayo mwajiri angekudai avumilie kulipa kama angekufukuza, huna tena njia ya kuidai. Sasa anauza mikate asubuhi kwenye kona ya Katuba, na anakuja darasani kwa sababu, anasema, angalau ajue kile kilichomfukuza. Tunapokutana naye tunaona aibu kidogo, kana kwamba tulichelewa kwa makusudi. Basi, wamama, tunaomba jambo moja: karatasi yoyote ya kuacha kazi isisainiwe siku ileile iliyoletwa. Ilale usiku mmoja nyumbani. Mwonyeshe mtu.

Sasa darasa lenyewe.

Kwenye ISP tulifundishwa namna ya kufundisha watoto na vijana. Juu ya mwanafunzi wa miaka 50 hatukufundishwa lolote, kwa hiyo tulikosea sana mwanzoni. Siku ya kwanza tulianza kama kitabu: ordinatere ni nini, sehemu zake ni ngapi. Baba mmoja, muuguzi, alisinzia mbele yetu. Siku ya pili tulimwuliza kila mtu: ni kazi gani inayokuaibisha huko kwako? Muuguzi alisema ni ripoti ya mwezi, wagonjwa wa malaria wangapi, watoto waliochanjwa wangapi, ambayo sasa inaingizwa kwenye mashini na si kwenye karatasi kubwa. Fundi wa magari alisema ni zile gari mpya ambazo ukifungua boneti huoni kitu cha kushika. Tangu siku hiyo hatufundishi ordinatere. Tunafundisha ripoti ya muuguzi, na orodha ya Mama Sekretere, moja moja, mpaka iishe.

Jambo la pili lilitushangaza sisi wenyewe: macho. Katika watu 11 wa kwanza, 7 walikuwa wanasogeza kichwa nyuma ili wasome kioo. Baada ya miaka 40 na kidogo, karibu kila mtu macho yake ya karibu yanapungua. Hata kushona nguo unasogeza sindano mbali. Watu hao walikuwa wanajidhania wajinga, kumbe hawaoni herufi. Tulikuza maandishi kwenye kioo, na wanne walinunua lunete za kusomea. Yule muuguzi alipovaa zake alikaa kimya, kisha akasema kwamba miaka mitatu amekuwa akisoma sanduku za dawa kwa kukisia. Hatukucheka. (Mwenye macho yanayouma au yanayoona ukungu asinunue lunete za barabarani, aende lopitali.)

Jambo la tatu ni vijana. Tuliomba watoto wa kartie waje kusaidia, wakaja, na karibu watuharibie kazi. Kijana hana subira na mkono wa mzee. Akiona Mama anatafuta, ananyakua suri na kumaliza mwenyewe. Kazi imetendeka, Mama hajajifunza. Mmoja alimwambia Mama Sekretere, "Leta, Mama, utachelewesha," naye akamjibu, "Mwana wangu, miye nilianza kupiga mashini baba yako hajaoa mama yako. Ongea na mudomo, mukono yako weka nyuma." Imekuwa kanuni ya darasa. Msaidizi anasimama mikono mgongoni na anasaidia kwa mdomo peke yake. Jaribuni nyumbani, mtaona ilivyo ngumu kwao. Wengine wanajiuma midomo.

Na kila mtu anaandika hatua katika daftari lake kwa maneno yake. Si maneno yetu. Daftari la fundi limeandikwa "bonyeza kile kinachofanana na mlango". Sisi hatujui ni kipi. Yeye anajua.

Fundi huyo atuongezee aya moja. Ana miaka 61, anasikia moto ukiwa hauwaki vizuri kutoka ng'ambo ya barabara, lakini gareji yake ilianza kukosa wateja kwa vile hana valizi, ile skana inayosoma makosa ya gari. Mpwa wake ana valizi na hana sikio. Walikuwa hawaongei. Mke wa fundi, mwanachama wetu, ndiye aliyewaweka pamoja: siku ya nne jioni mzee anajifunza kusoma alama za valizi, na kijana anajifunza kusikiliza. Juma lililopita valizi ilionyesha kosa moja, mzee akasema sivyo, ni waya umeliwa na panya. Ilikuwa panya. Tangu hapo kijana anamwita "Baba Fundi" bila kulazimishwa.

Hata kwetu sisi walimu mambo si tofauti. Program mpya ya hesabu na sayansi ilipofika kwa darasa la 7 na la 8, wazee wetu wa shule waliona wanavuliwa nguo. Kwenye selule ya baze, pale mwalimu mmoja anafundisha leso na wenzake wanaangalia na kusema, tulimwomba mzee wetu wa hesabu asianze yeye. Aangalie wawili kwanza. Alipofika zamu yake alifundisha kuliko sisi sote, kwa kuwa anajua ni wapi mtoto atakwama. Hilo halijabadilika na program.

Mtatuuliza, mama wa nyumbani anaingia wapi? Anaingia pale ambapo Baba anarudi nyumbani akisema "nimechoka na hii kazi, nitaacha". Mara nyingi hakuchoka. Ameaibishwa, na mwanaume wa miaka 55 hatasema hivyo mbele ya watoto. Muulize taratibu ni kitu gani kimebadilika kazini mwezi huu: mashini mpya, karatasi mpya, mkubwa mpya? Usimwulize mbele ya mtoto anayejua telefoni. Na yule mtoto, umwombe kwa siri amfundishe baba yake kitu kimoja kidogo, mikono mgongoni, na asikihadithie shuleni. Vikundi vyenye likelemba vinaweza kufanya kama kikundi chetu cha Ruashi: zamu moja kwa mwaka inalipia lunete, au saa za ordinatere, kwa mwanachama aliye hatarini kupoteza kazi. Walibishana majuma mawili kabla ya kukubali, kwa sababu lunete hazipikwi. Kisha mmoja alihesabu mshahara mmoja ukipotea unapunguza mchango wa likelemba kwa kiasi gani, mabishano yakaisha.

Miezi mitatu ya Mama Sekretere iliisha mwezi uliopita. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwambia amefaulu. Orodha ya malipo ilipita, pesa zikatoka, basi. Bado anapiga "l" mahali pa moja akiwa na haraka, ila sasa anaangalia safu: kilichobanwa kushoto anakirudia. Juma hili kijana yule wa nusu siku alimwomba amfundishe kupiga kwa vidole kumi. Amemwambia aje siku ya posho kama wengine wote, na alete daftari.

Darasa siku hiyo litaanza saa tisa, si saa nane, kwa sababu umeme kwenye kartie yetu unarudi saa nane na nusu ukirudi. Wenye lunete wazilete.